Grafu Iliyo Chini ya Kidole

Mwaka 1786 vilichapwa vitabu viwili katika miji miwili ya Ulaya. Jijini London, Mskoti William Playfair alitoa kitabu kuhusu biashara na siasa za Uingereza ambamo msomaji, badala ya kukuta safu za tarakimu, alikuta mistari inayopanda na kushuka mwaka hadi mwaka, ikionyesha thamani ya bidhaa zilizoingia nchini na zilizotoka. Humo ndimo grafu ya mstari na chati ya nguzo za mambo ya uchumi zilipopata sura tunayoijua hadi leo. Jijini Paris, Valentin Haüy, aliyekuwa ameanzisha shule ya watoto wasioona, alitoa insha kuhusu elimu yao, na insha hiyo ilichapwa kwa herufi za Kilatini zilizoinuka juu ya karatasi ili ziweze kusomwa kwa vidole. Playfair aliwapa wenye macho njia ya kuziona hesabu, na Haüy aliwapa wasioona njia ya kuyagusa maandishi. Nia ya Haüy ilikuwa njema kabisa, lakini ndani ya wazo lake mlikuwa na kosa ambalo limewachukua watafiti zaidi ya miaka 200 kulielewa vizuri.

Kosa lenyewe ni hili. Herufi A iliundwa kwa ajili ya jicho, na jicho huipokea yote kwa mara moja. Kidole hulazimika kupanda mstari mmoja hadi kileleni, kushuka mwingine, kisha kurudi kutafuta kijistari cha katikati, na muda wote huo kikumbuke kilikopita. Kusoma neno moja kukawa kazi ya subira kubwa. Suluhisho lilitoka kwa mwanafunzi wa shule hiyohiyo, Louis Braille, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15, aliuchukua mfumo wa nukta uliobuniwa na afisa wa jeshi aitwaye Charles Barbier, ambao alama yake moja ilihitaji hadi nukta 12, akaupunguza mpaka nukta 6. Upunguzaji huo ndio ulioleta mageuzi, kwa sababu nukta 6 zinaenea chini ya ncha ya kidole kimoja bila kidole kulazimika kupanda na kushuka. Breli, au nukta nundu kama wanavyoiita walimu wengi wa Tanzania, haifanani hata kidogo na herufi inazoziwakilisha, na ni kwa sababu hiyo inasomeka.

Nimeanza na habari hii kwa kuwa swali wanalohangaika nalo leo watafiti wa haptiki, yaani elimu ya hisi ya mguso na ya vifaa vinavyotumia hisi hiyo, ni lilelile lililomkabili Braille, ila limehama kutoka kwenye herufi hadi kwenye takwimu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana upungufu wa uoni wa aina moja au nyingine, na kwa walio na upungufu mkubwa zaidi, grafu iliyo kwenye kitabu cha jiografia, kwenye karatasi ya mtihani au kwenye taarifa ya benki ni ukuta. Njia inayowajia wengi kwanza ni kuichukua grafu iliyochorwa kwa ajili ya macho na kuiinua mistari yake. Hiyo ni njia ya Haüy, na inakwama pale pale alipokwama yeye.

Grafu hubeba nini

Picha ya mti inafanana na mti, lakini hakuna mahali popote ambapo mfumuko wa bei una umbo la mstari uliopinda. Mchoraji wa grafu huichukua namba na kuikabidhi kwa sifa fulani inayohisika: mahali kwenye karatasi, urefu, upana wa pembe, ukubwa wa eneo, ukolezi wa rangi. Msomaji naye hufanya kazi ya kinyume. Huihisi sifa ile na kuirudisha kuwa namba, au walau kuwa ulinganisho, akasema kwamba hii imezidi ile, hapa pamepanda kwa kasi, pale pana jambo lisilo la kawaida. Mchoraji wa ramani wa Kifaransa, Jacques Bertin, aliziainisha sifa hizo katika kitabu alichokitoa mwaka 1967, na mwaka 1984 wanatakwimu wa Marekani William Cleveland na Robert McGill walizipanga kwa ubora na kuzipima baadhi yake kwa majaribio. Waliona kwamba makosa huwa machache kuliko kwingine kote watu wanapolinganisha mahali pa alama kwenye mizani moja. Kwa mpangilio wao, makosa huongezeka watu wanapolinganisha urefu, huongezeka tena kwenye pembe na maeneo, na huwa makubwa zaidi kwenye ujazo na ukolezi wa rangi. Ndiyo sababu mwalimu makini wa takwimu humshauri mwanafunzi wake atumie nguzo badala ya kuigawa duara vipande vipande.

Mpangilio huo wa ubora, hata hivyo, ni wa jicho. Ngozi ina wake, na hakuna sababu ya kudhani kwamba yote mawili yanalingana. Mtu akilitambua hilo, fundo kubwa la mada hii huanza kulegea, maana anayetaka kutengeneza grafu ya vidole huona kwamba hana budi kuiweka kando picha iliyokwisha kuchorwa, arudi kwenye namba zenyewe, na aulize upya ni sifa ipi ya mguso inayoweza kuzibeba.

Upana wa tundu

Mjerumani Ernst Heinrich Weber alikuwa wa kwanza kuipima ngozi kwa utaratibu. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1834 aliigusa ngozi ya watu kwa ncha mbili za bikari, akizisogeza karibu karibu hadi mguswaji ahisi ncha moja tu. Kwenye ncha ya kidole, watu wengi huweza kuzitofautisha nukta mbili zilizoachana kwa takriban milimita 2, ilhali mgongoni umbali huo hufikia takriban milimita 40. Tofauti hiyo inatokana na msongamano wa vipokezi vya mguso ndani ya ngozi. Upande wa kiganja wa mkono mmoja una neva za mguso zipatazo 17,000, za aina nne: zipo zinazoitikia mgandamizo unaodumu, zipo zinazoitikia kuteleza na kuanza kwa mguso, zipo zinazoitikia kuvutika kwa ngozi, na zipo zinazoitikia mitetemo ya kasi, hasa ile ya mara 200 hadi 300 kwa sekunde. Neva ya jicho moja, kwa kulinganisha, ina nyuzi zipatazo milioni moja.

Mtu anaweza kuzisoma hesabu hizo na kuhitimisha upesi kwamba mguso ni hisi dhaifu. Jaribio la mwaka 1991 la Jack Loomis, Roberta Klatzky na Susan Lederman linaonyesha kwamba jambo haliko hivyo, na kwangu mimi ndilo jaribio lenye mwanga mkubwa kuliko yote katika uwanja huu. Waliwapa watu michoro ya mistari iliyoinuliwa waitambue kwa kidole. Michoro hiyohiyo waliionyesha pia kwenye skrini, lakini kupitia tundu dogo lenye upana wa ncha ya kidole, lililosogea kadiri mkono wa mtazamaji ulivyosogea. Waliotazama kwa macho kupitia tundu hilo walishindwa takriban sawa na waliotumia kidole. Tundu lilipopanuliwa hadi upana wa vidole viwili, macho yalinufaika mara moja, ilhali kuongeza kidole cha pili kando ya kile cha kwanza hakukuwasaidia waliopapasa.

Ugumu mkubwa, basi, unatoka kwenye ufinyu wa dirisha ambalo mchoro unapitia. Ukweli ni kwamba hata jicho huona kwa ukali sehemu ndogo mno, yenye upana wa nyuzi 2 hivi za pembe, nalo hurukaruka takriban mara tatu kwa sekunde ili kukusanya picha nzima. Tofauti ni kwamba kando ya sehemu hiyo kali kuna uoni hafifu unaoliambia jicho liruke wapi. Kidole hakina kinacholingana na uoni huo wa pembeni. Kikiwa kwenye mstari wa grafu hakijui kwamba sentimita 5 upande wa kulia mstari unapasua kilele, wala kwamba chini yake upo mstari wa pili. Na mistari miwili inapokatizana, kidole husimama njia panda bila kujua ni upi kati ya mitatu iliyo mbele yake ndio mwendelezo wa ule kilioufuata. Hapo kumbukumbu hubeba mzigo ambao kwa mwenye macho hubebwa na karatasi.

Kila swali na mwendo wake wa mkono

Mkono uleule unaoshindwa na mchoro huwa hodari wa ajabu mbele ya kitu halisi. Mwaka 1985 Klatzky, Lederman na mwenzao Metzger waliwafunga watu vitambaa machoni, wakawapa vitu 100 vya matumizi ya kawaida kimoja baada ya kingine, na karibu vyote vilitambuliwa, vingi kati yake ndani ya sekunde chache tu. Kitana kikiwa mkononi hutambulika papo hapo, na mchoro wa kitana ulioinuliwa kwenye karatasi huwa fumbo. Kitu halisi kina uzito, ugumu, ubaridi, ukavu na ujazo, na mchoro umevuliwa hayo yote ukabakiwa na mstari, yaani kile ambacho kidole hukipokea kwa shida kuliko vyote.

Miaka miwili baadaye Lederman na Klatzky walieleza kwamba mkono haupapasi ovyo. Kila swali lina mwendo wake. Asiyeamini aende sokoni atazame. Mnunuzi wa kanga huupitisha ukingo wa kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada akikisugua kwenda na kurudi, kwa sababu kusugua ndiko kunakojibu swali la ulaini. Mnunuzi wa parachichi hubonyeza, kwani swali lake ni la ugumu. Anayetaka kujua kama nazi ina maji huinyanyua na kuitikisa, naye mama anayetaka kujua kama mtoto ana homa huuweka mkono kwenye paji la uso na kuutuliza, wala hausugui wala haubonyezi. Kulifumbata embe kwa kiganja kizima hutoa ukubwa wake kwa mara moja, na kufuata ukingo wa kitu kwa ncha ya kidole, ambao ndio mwendo unaodaiwa na grafu zote za mistari, huwa wa mwisho kutumiwa kwa sababu ni wa polepole mno na unachosha.

Maana yake kwa mtengenezaji wa grafu ni nzito. Tofauti kati ya makundi, mathalani mahindi na mpunga, huweza kubebwa na umbile la uso, moja laini na jingine lenye vipele, kwa kuwa kusugua hujibu upesi. Kiasi huweza kubebwa na nguzo iliyojaa badala ya kisanduku chenye mistari mitupu. Nguzo zikisimamishwa bega kwa bega, mkono mzima huweza kulala juu yake na kupokea umbo lao lote kwa mpigo mmoja, jambo ambalo kidole kimoja hakiwezi. Mwaka 2013 Yvonne Jansen na Pierre Dragicevic, pamoja na mwenzao, walilinganisha chati za nguzo za kushikika, zilizotengenezwa kama vitu halisi vyenye pande tatu, na chati kama hizo zilizoonyeshwa kwenye skrini, na wakaona kwamba katika kutafuta habari, watu walifanya vizuri zaidi wakiwa na kile cha kushika. Washiriki wao walikuwa na macho yanayoona. Inafaa kulitia hilo akilini, kwa sababu haptiki mara nyingi huzungumzwa kana kwamba ni fidia ya upungufu, wakati mkono ni wa kila mtu.

Wanaotengeneza michoro ya kugusika kwa ajili ya shule wamefika kwenye kanuni zinazolingana na maarifa haya: vistari vya miraba ya nyuma viondolewe, vitu viwili vinavyojitegemea viachane kwa takriban milimita 3, aina za umbile zisizidi chache zinazotofautika wazi, mistari inayokatizana iachiwe pengo au itengwe katika michoro miwili. Mchoro mzuri wa vidole kwa hiyo huonekana mtupu machoni, na mwenye macho asiyejua sababu huona umekosa kitu.

Karatasi, pini, nguvu na mtetemo

Kifaa cha bei nafuu kuliko vyote bado ni karatasi. Ipo karatasi maalumu iliyopakwa vidonge vidogo mno ambavyo huvimba vikipashwa moto. Mchoro hupigwa chapa juu yake kwa wino mweusi, karatasi hupitishwa kwenye mashine yenye taa ya joto, wino mweusi hunyonya joto kuliko sehemu nyeupe, na mistari huinuka. Pasipo mashine hiyo, uzi na gundi juu ya kipande cha manila hutosha, na mwalimu mwenye mikono mizuri hutengeneza kwa njia hiyo grafu iliyo bora kuliko nyingi zinazotoka kwenye mashine, kwa kuwa yeye huchagua cha kuacha. Kasoro ya karatasi ni kwamba haijibu. Takwimu zikibadilika, kazi yote huanza upya.

Pini zinazopanda na kushuka kwa amri ya kompyuta huondoa kasoro hiyo. Kwa miongo mingi vifaa vingi vya namna hiyo vilitoa mstari mmoja tu wa breli, ambao unafaa kwa sentensi na haufai kwa umbo. Kifaa kiitwacho Monarch, kilichoanza kufika shuleni Marekani mwaka 2024, kina mistari 10 ya alama 32, kwenye uwanja wa pini 3,840 zilizopangwa katika safu 40 zenye pini 96 kila moja. Ni hatua kubwa, ingawa simujanja ya kawaida ina pikseli, yaani vinukta vya mwanga vya skrini, zaidi ya milioni moja, na bei ya kifaa hicho huhesabiwa kwa maelfu ya dola. Kila pini ni mtambo unaosogea, na mitambo elfu kadhaa haiwezi kuwa rahisi kama taa elfu kadhaa.

Njia ya tatu ni ya nguvu. Mwaka 1967 Frederick Brooks, katika Chuo Kikuu cha North Carolina mjini Chapel Hill, alianzisha mradi wa kuwawezesha wanakemia kuzihisi nguvu zilizo kati ya molekuli, na baadaye walitumia mkono wa chuma wa aina iliyotengenezwa kwa ajili ya kushika vitu vya mionzi kutoka mbali. Mwanakemia alishika mpini, akaisogeza molekuli ya dawa kuelekea kwenye protini, na mkono ule ukamsukuma au kumvuta kadiri molekuli zilivyokataana au kuvutana. Ripoti ya mradi ya mwaka 1990 ilisema kwamba kuongeza mguso juu ya picha kuliboresha utendaji kwa takriban mara mbili. Mwaka 1994 Thomas Massie na Kenneth Salisbury wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walieleza kifaa kidogo cha mezani ambacho mtu huingiza kidole chake ndani ya kikofia mfano wa mtondoo wa mshonaji, na mota zikakisukuma kidole hicho kana kwamba kimegusa ukuta usioonekana.

Hapa pana jambo linaloeleza kwa nini haptiki ni ngumu kuliko michoro. Macho hutosheka na picha 30 hadi 60 kwa sekunde, na huziona kama mwendo usiokatika. Kidole kinataka hesabu ya nguvu irudiwe takriban mara 1,000 kwa sekunde. Kompyuta ikichelewa, kidole huwa kimekwisha kuzama ndani ya ukuta wa kufikirika kabla ya kusukumwa. Msukumo hufika umechelewa na kwa nguvu kupita kiasi, kidole hutupwa nje, kisha huzama tena, na ukuta uliopaswa kuwa mgumu huanza kutetemeka. Hata pale mtambo unapofanya kazi bila dosari, mtumiaji ana kikofia kimoja, yaani nukta moja ya mguso, na tundu la Loomis na wenzake linarudi likiwa finyu zaidi.

Skrini za kugusa zimeleta njia nyingine. Mwaka 1953 Edward Mallinckrodt na wenzake waliandika kuhusu jambo ambalo wengi walikuwa wamelipita bila kulijali: kikombe laini cha shaba cha kushikia taa ya umeme kilihisika kuwa na mikwaruzo pale taa ilipokuwa imewashwa, kwa sababu umeme ulikivuta kidole na kukiachia upesi upesi. Mwaka 2010 watafiti wa kampuni ya Disney waliitumia kanuni hiyo kwenye kioo cha skrini, wakaweza kukifanya kioo laini kihisike kama chenye vipele. Umbile hilo lipo tu wakati kidole kinasogea; kikitulia, linatoweka. Mtetemo wa simu, ambao ndio haptiki iliyoenea kuliko zote na ambao kila mtu ameuhisi mfukoni akiwa msikitini, kanisani au ndani ya daladala, una mipaka yake pia, kwa kuwa simu nzima hutetemeka na mkono hupata habari kwamba jambo limetokea bila kupata habari ya mahali lilipotokea. Mtu anaweza kulizunguka hilo kwa kuifanya simu itetemeke pale tu kidole kinapokanyaga mstari. Hata hivyo anabaki na kidole kimoja na tundu lilelile.

Sauti, neno, na uwezo wa kuuliza

Katika mwaka 2020 dunia nzima ilijifunza kusoma grafu kwa lazima. Nchini Kenya wizara ya afya ilikuwa ikitangaza idadi ya wagonjwa wapya wa korona siku baada ya siku, na yeyote mwenye redio aliisikia. Lakini namba ya siku moja haisemi kama ugonjwa unapanda au unashuka. Hilo husemwa na umbo la wiki nyingi zilizopangwa pamoja, na umbo hilo mara nyingi lilitolewa kama picha ambayo programu za kusoma skrini hupita juu yake zikitamka neno moja tu: picha. Wasioona walikuwa na namba wakakosa mwenendo, katika wakati ambapo mwenendo ulikuwa jambo la uhai na kifo.

Umbo la namna hiyo sikio hulipokea vizuri sana. Mwaka 1985 Mansur, Blattner na Joy waliandika kuhusu grafu za sauti, ambazo muda wa sauti huchukua nafasi ya mhimili wa ulalo na wembamba au unene wa sauti huchukua nafasi ya kimo. Mstari unaopanda husikika ukipanda, na kilele husikika kama mluzi mwembamba unaoanguka. Wanda Díaz-Merced, mwanaastronomia wa Puerto Rico aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mwanafunzi, amejenga kazi yake ya kitaaluma juu ya njia hii akizisikiliza takwimu za nyota, na tangu mwaka 2021 simu za Apple zina uwezo wa kuzicheza grafu kwa sauti kupitia kisoma-skrini chake. Jambo ambalo sikio linafanya vizuri ni lile hasa ambalo kidole hakiwezi: kwa sekunde 3 au 4 hutoa muhtasari wa grafu nzima. Udhaifu wake upo kwenye kipimo kamili, kwani ni wachache wanaoweza kusikia sauti na kusema kwamba ile ilikuwa 42 na hii ni 45.

Hapo ndipo medianuwai, yaani kuunganisha sauti, mguso na maneno katika kifaa kimoja, inapopata maana yake ya kweli. Mwaka 1996 Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland alitoa kanuni inayonukuliwa sana na waundaji wa michoro ya kompyuta: kwanza muhtasari, kisha kusogea karibu na kuchuja, halafu maelezo ya undani yanapohitajika. Aliandika akiwafikiria wenye macho. Ukiigawa kanuni hiyo kati ya hisi, inakaa vizuri kuliko mtu angetarajia: sauti hubeba muhtasari, vidole hubeba mahali na umbo la kipande kinachochunguzwa, na neno lililotamkwa hubeba thamani kamili pale msomaji anapoigonga nukta. Kila hisi hupewa kazi inayoiweza, na kazi moja haibandikwi kwenye hisi tatu kwa ajili ya kupamba, kosa ambalo vifaa vingi vinavyojiita medianuwai huliangukia.

Uingiliani, yaani uwezo wa msomaji kuuliza na kifaa kikajibu, una uzito mkubwa kuliko unavyopewa. Mwaka 1969 Paul Bach-y-Rita, mjini San Francisco, alimkalisha mtu asiyeona kwenye kiti chenye vitetemeshi 400 mgongoni vilivyounganishwa na kamera. Kamera ikiwa imetulia, mtu alihisi mtekenyo wa mgongo tu. Alipopewa kamera aielekeze mwenyewe huku na huku, baada ya mazoezi alianza kuvihisi vitu vikiwa mbele yake, nje ya mwili, na kuvitambua. Mgongo ule ule uliokuwa hauwezi kutofautisha nukta mbili zilizo karibu ulianza kufanya kazi ya uoni, kwa sababu mwenye nao ndiye aliyeamua aangalie wapi.

Maneno nayo yamechunguzwa. Mwaka 2021 Alan Lundgard na Arvind Satyanarayan wa MIT walizigawa sentensi zinazoielezea grafu katika ngazi nne: jinsi ilivyojengwa, takwimu zake kama vile kiwango cha juu na cha chini, mwenendo wake wa jumla, na muktadha wa kijamii unaoizunguka. Wasomaji wenye macho walipenda sana ngazi ya mwisho, ile inayosimulia kwa nini mambo yalitokea. Wasomaji wasioona kwa sehemu kubwa hawakuithamini kiasi hicho. Walitaka mwandishi awape takwimu na mwenendo, na tafsiri waifanye wenyewe. Mwaka uliofuata kundi hilohilo la MIT, likiwa na Daniel Hajas, mtafiti asiyeona, lilieleza namna ya kuijenga grafu kama mti wenye matawi ambao msomaji huuzunguka kwa vitufe vya mishale, akishuka kutoka jumla hadi kwenye nukta moja na kupanda tena atakapo.

Breli haikupokewa kwa mikono miwili hata katika shule ilikozaliwa. Mkurugenzi Pierre-Armand Dufau aliipiga marufuku kwa muda katika miaka ya 1840, na miongoni mwa hoja zilizotolewa na walimu wenye macho ni kwamba wao hawakuweza kuisoma. Wanafunzi waliendelea kuandikiana kwa siri, na mfumo ukakubaliwa rasmi nchini Ufaransa mwaka 1854, miaka miwili baada ya Braille kufariki. Nikiyasoma haya, kipimo ninachokiona cha haki kwa kifaa chochote kipya cha haptiki ni nani aliyeketi mezani kilipobuniwa. JooYoung Seo wa Chuo Kikuu cha Illinois haoni, na programu ya grafu iitwayo MAIDR, ambayo yeye na wenzake wameiunda, hutumia kompyuta ya kawaida pamoja na kifaa cha breli cha mstari mmoja ambacho wasomaji wengi wasioona huwa nacho tayari. Msomaji akiwa kwenye chati ya nguzo hubonyeza B, na vimo vya nguzo hugeuka kuwa alama za breli ambazo nukta zake hupanda na kushuka pamoja na takwimu. Akibonyeza S, nguzo huanza kusikika. Akibonyeza T, huandikiwa thamani yake. Asipotaka kimojawapo hubonyeza tena, kikanyamaza.